Karibu 0.7, lakini siyo

Leo mchana nimeletewa lenzi ya hadubini ya zamani, shaba tupu, haina hata maandishi.

Kipenyo: milimita 20 na kidogo.
Nikaweka geji ya thredi (kibati chenye meno cha kupima nafasi kati ya jino na jino) ya milimita 0.7. Ikakaa… karibu.

Nikainua kwenye taa.
Mwanga mwembamba kama uzi unapenya kati ya geji na meno!

Basi nikamjua: Mwingereza huyu. Thredi ya Whitworth, mfumo wa Kiingereza: meno 36 kwa inchi, pembe ya jino digrii 55 badala ya 60 za thredi za milimita. Gawa inchi moja kwa 36, unapata milimita 0.7056. Kipimo kilichowekwa London mwaka 1858, na hadubini nyingi bado zinakitumia.

Nikaifunga kwenye hadubini ya kisasa. Ikaingia yenyewe, bila kulazimisha. Raha iliyoje!

Mafundi wenzangu, thredi gani imewahi kuwagomea? Tupieni picha.