Siku moja ya mwalimu wa ngumbaru Kayole

Saa mbili asubuhi napanga ukumbi wa kanisa. Viti, si madawati ya watoto: mtu wa miaka hamsini akikunja magoti chini ya dawati la darasa la pili, nusu saa haiishi kabla hajaomba ruhusa.

Saa nne ndipo akina mama wa mboga huingia. Mapema zaidi ya hapo wako Marikiti, soko la jumla la Nairobi, au wanapanga bidhaa. Mgeni nampima macho kabla ya kumwonyesha herufi. "Mama, hebu shika hii karatasi uangalie." Akiisogeza mpaka mkono unyooke, anahitaji miwani ya kusomea kwanza. Baada ya miaka arubaini macho hushindwa na vitu vya karibu, na wengi huacha darasa wakiamini kichwa chao ni kigumu. Inaniuma sana.

Herufi naanza na m, n na irabu tano, basi. Hizo zinatosha kuandika "Mimi nina mia nane", sentensi nzima yenye maana kwa mtu anayeuza sokoni. Kalamu ya risasi iwe nene, maana mkono uliozoea jembe au beseni hubana sana na ncha nyembamba huvunjika. Kinachochelewesha ni ng na ng'. Tena r na l huwasumbua waliolelewa kwa Kikuyu, na sh huwasumbua waliolelewa kwa Kijaluo. Matamshi siyakosoi mbele ya watu. Nawapa imla fupi, wajisahihishe wenyewe.

Saa tano na nusu tunafungua simu. Ujumbe halisi wa malipo ya M-PESA, pesa za simu za Safaricom, huingia kwa jina MPESA, si kwa nambari ya mtu. Mtu akipiga kusema ametuma 1,500 kimakosa, soma salio la awali, ongeza 1,500, kisha angalia salio lako mwenyewe kwenye menyu. Hata kama pesa imeingia kweli, usimrudishie kwa mkono wako: yeye ndiye asambaze ujumbe wake kwa nambari 456, kampuni irudishe.

Saa nane ni fomu. Fundi aliyepiga plasta miaka mingi anaijua kazi ila hana cheti. Mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, huanzia daraja la 3, kisha la 2, kisha la 1. Jina kwenye fomu lifuate kitambulisho herufi kwa herufi, la sivyo cheti kitamletea shida kwa mwajiri. Kwenye mwiko simwogopei. Namwogopea kwenye nadharia. Hapo namwandikia maneno anayoyatamka kila siku kazini, kolamu, bimu, slebu, pamoja na tahajia yake ya Kiingereza. Uwiano wa 1:4 tayari anaujua: karai moja ya saruji, nne za mchanga. Hajawahi tu kuuona umeandikwa.

Saa kumi na mbili jioni watu wa mjengo na walinzi wanajaa, na somo la asilimia tunalifanyia kwenye karatasi ya mshahara. Chukua 20,000. Bima ya afya ya SHIF, asilimia 2.75, ni 550. Ushuru wa nyumba, 1.5, ni 300. NSSF, akiba ya uzeeni, 6, ni 1,200. Jumla 2,050. Kosa la kila siku ni nukta: 2.75 husomwa 275. Kwa hiyo kwanza tunatafuta asilimia moja, 200, halafu tunazidisha. Mlinzi akishaijua hesabu hii, ataona mwenyewe makato yasiyo na jina.

Saa mbili na nusu usiku nafunga rejista, na waliokosa nawapigia usiku huohuo, maana mtu akikosa mara mbili tatu aibu humzuia kurudi. Mara nyingi ni kodi ya mwisho wa mwezi, au mjengo umehamia Ruiru. Huyo wa Ruiru namtumia sentensi mbili kwa WhatsApp, azinakili kwa mkono na anirudishie picha ya daftari.