Siku moja ya msaidizi wa kisheria Mombasa: kutoka kaunta ya polisi hadi Shimo la Tewa

Saa 12:00 asubuhi. Feri ya Likoni imejaa watu wanaovuka kwenda kazini kisiwani, mikoba mgongoni, simu mkononi. Mwaka 1979 wanasosholojia wawili wa Marekani, Lawrence Cohen na Marcus Felson, walieleza kwamba uhalifu wa kawaida huhitaji mambo matatu yakutane: mtu aliye tayari kuutenda, kitu kinachochukulika kirahisi, na kukosekana mlinzi. Msongamano wa asubuhi huyaleta yote matatu mahali pamoja. Ndiyo maana taa na askari wawili waliosimama wakionekana huzuia wizi mwingi kuliko msako wa usiku unaozoa vijana hamsini mtaani.

Simu ikishachukuliwa, shughuli huhamia kwenye karatasi. Msaidizi wa kisheria, yaani paralegali, anatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, ila hasimami kumtetea mtu mbele ya hakimu. Hiyo ni kazi ya wakili. Yetu ni kuzifikia karatasi mapema, maana yaliyoandikwa siku ya kwanza ndiyo yatakayosomwa mahakamani mwaka unaofuata.

Saa 1:00. Kaunta ya kituo cha polisi. Kila ripoti huingia kwenye kitabu cha matukio, OB, na kupewa nambari: namba ya tukio la siku hiyo, kisha tarehe, mwezi na mwaka. Nambari hiyo ni bure. Mlalamishi asiondoke bila kuiandika, na kabla ya kuondoka aombe asomewe kilichoandikwa. Je, saa ya tukio imo? Je, ametaja kwamba alimwona mtu usoni, kwa mwanga gani, kwa muda gani, alikuwa amevaa nini? Kama alimjua mhusika kwa jina, jina limeandikwa?

Hili si jambo dogo. Tangu 1952, katika kesi ya Terekali, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema ripoti ya kwanza kwa mwenye mamlaka ni kipimo kizuri cha ukweli wa maelezo yanayokuja baadaye. Mlalamishi akiripoti leo "watu nisiowajua", kisha miezi sita baadaye aseme kizimbani alimtambua jirani yake, wakili wa utetezi ataomba OB iletwe, na ushahidi wa kumtambua utaporomoka. Mara nyingi mlalamishi hakudanganya. Alikuwa akitetemeka na aliyeandika alikuwa na foleni. Lakini mahakama husoma kilichoandikwa.

Saa 1:30. Seli. Mshukiwa tunamuuliza mambo manne kabla ya lolote: alikamatwa saa ngapi, ana miaka mingapi, ameumia, na anaelewa lugha gani. Saa ya kukamatwa ndiyo inayohesabiwa, si saa ya kuandikishwa. Mtu anaweza kukamatwa alasiri, akazungushwa ndani ya mariamu, lori la polisi, wakati msako ukiendelea, akaandikishwa saa tatu usiku. Muda wa saa 24 wa kumfikisha mahakamani, uliowekwa na Kifungu cha 49 cha Katiba, ulianza alasiri.

Hesabu yenyewe huwachanganya wengi. Aliyekamatwa Jumanne saa nne asubuhi anatakiwa awe mbele ya mahakama Jumatano kabla ya saa nne. Saa 24 zikiishia nje ya muda wa mahakama, au siku isiyo ya mahakama, mwisho ni jioni ya siku ya mahakama inayofuata. Kwa hiyo aliyekamatwa Ijumaa usiku anaweza kulala ndani hadi Jumatatu bila sheria kuvunjwa. Hata hivyo Katiba imetanguliza maneno "mapema iwezekanavyo", na OCS, yaani mkuu wa kituo, ana uwezo wa kumwachilia mtu kwa dhamana hata Jumamosi kwa makosa mengi. Dhamana ya polisi ya ahadi haina malipo. Ikiwa ni ya pesa, lazima itoke risiti rasmi, na pesa hizo hurudishwa kesi ikiisha kama mshtakiwa hakukosa kufika. Pesa isiyo na risiti si dhamana.

Umri nao. Kwa Sheria ya Watoto ya 2022, aliye chini ya miaka 12 hawezi kuwajibishwa kijinai, na wa kati ya 12 na 14 huchukuliwa kuwa hana uwezo huo mpaka mahakama iridhike vinginevyo. Familia ilete cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki asubuhi hiyo hiyo, kwa sababu askari huandika umri kwa kukadiria, na mtoto mrefu wa Kisauni huandikwa miaka 18.

Na maungamo: hayana nguvu mahakamani isipokuwa yametolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kinachotajwa na sheria ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, pamoja na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Kijana anayeambiwa "weka sahihi hapa uende nyumbani" ana haki ya kunyamaza.

Saa 2:30. Masijala ya mahakama. Hati ya mashtaka ina sehemu mbili za kusoma polepole: kosa pamoja na kifungu chake, na maelezo ya kosa. Hapa ndipo mambo mengi huharibika. Chukua simu hiyo hiyo ya Likoni. Ikichomolewa mfukoni bila purukushani, ni wizi kutoka mwilini mwa mtu, kifungu cha 279 cha Kanuni ya Adhabu, hadi miaka 14. Mwizi akitumia nguvu au vitisho ili aipate au asinyang'anywe, ni unyang'anyi. Unyang'anyi huo ukifanywa kwa silaha ya hatari, au na mtu zaidi ya mmoja, au mwenye mali akapigwa au kujeruhiwa, unakuwa wizi wa mabavu, kifungu cha 296(2), ambacho adhabu yake iliyoandikwa ni kifo. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, lakini hukumu bado inatolewa. Hayo matatu hayahitaji kukutana, moja linatosha. Vijana wawili waliomsukuma mtu na kukimbia na simu tayari wamo ndani ya kifungu hicho, na mzazi anayedhani ni "kesi ya simu tu" anahitaji kuelezwa hivyo kabla ya kuingia kortini, si baada ya kutoka.

Saa 3:00. Kusomewa mashtaka. Hatua zake ziliwekwa na kesi ya Adan ya 1973, na unaweza kuzifuata ukiwa umekaa kwenye benchi. Mashtaka yote yasomwe na kufafanuliwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe. Akikubali, kiongozi wa mashtaka asome ukweli wa tukio. Kisha mshtakiwa aulizwe kama anaukubali huo ukweli, au ana la kuongeza. Akipinga jambo la msingi, hakimu abadilishe na kuandika kwamba amekana.

Tazama mfano. Mshtakiwa anasema: "Ni kweli nilichukua pikipiki, lakini ilikuwa dhamana ya deni langu." Sentensi hiyo ni kukana. Wizi unahitaji kitendo cha kuchukua na nia ya udanganyifu bila kuamini una haki. Aliyedhani kwa dhati ana haki juu ya mali hana nia hiyo. Karani akiandika nusu ya kwanza tu, mtu anahukumiwa kwa kosa ambalo hakulikiri. Ndiyo maana tunawaambia washtakiwa wazungumze taratibu na wamalize sentensi.

Kero inayotuuma zaidi iko nje ya chumba. Mama amekaa chini ya mti tangu alfajiri na anaomba, "Mwanangu, mwambie akubali tu yaishe, arudi nyumbani." Tunamjibu kwa upole: Mama, akikubali anahukumiwa, na rekodi hiyo itamfuata akiomba cheti cha maadili mema cha polisi kwa ajili ya kazi bandarini au hotelini. Mwaka 1963 mwanasosholojia wa Marekani Howard Becker aliandika kwamba jamii ikishambandika mtu jina la mhalifu, milango mingine yote humfungia. Kortini tunaona hilo likianza kwa neno moja.

Saa 5:00. Dhamana. Ni haki, isipokuwa kuwe na sababu nzito, kama hatari ya kutoroka au kuwatisha mashahidi. Kwa kosa la faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita, Kifungu cha 49(2) kinakataza mtu kupelekwa rumande. Mdhamini aje na kitambulisho halisi na nakala, picha za pasipoti, barua ya chifu, na mali: hatimiliki iliyofanyiwa upekuzi wa karibuni kwenye ofisi ya ardhi, au kitabu cha gari chenye jina lake. Wengi hurudishwa kwa sababu shamba bado liko kwa jina la marehemu babu. Dhamana ikikamilika saa tisa alasiri, hati ya kumwachilia huchelewa kufika gereza la Shimo la Tewa kwa foleni ya Nyali na Bamburi, na mtu hulala ndani usiku mwingine. Kimbizeni karatasi kabla ya adhuhuri.

Saa 8:00 mchana. Hospitali kuu ya Makadara, fomu ya P3, yaani fomu ya polisi ya kuthibitisha majeraha. Sehemu ya kwanza hujazwa na polisi, nyingine na daktari, naye huweka jeraha katika ngazi: madhara, madhara makubwa, au ulemavu. Tibiwa kwanza, weka kadi ya matibabu, kwa sababu jeraha likipona kadi ndiyo itakayomwonyesha daktari lilikuwaje. Kwa aliyebakwa, hospitali itangulie kila kitu, ndani ya saa 72 ili dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi zifanye kazi. Asioge, asifue. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki hufungia unyevu na ushahidi huoza.

Saa 10:00. Rumande, Shimo la Tewa. Hapa tunatafuta waliosahauliwa: tarehe ya kutajwa imepita, shahidi hafiki, aliyehukumiwa hajui kwamba ana siku 14 za kukata rufaa. Tunaandika pia tarehe ya kwanza ya kufungiwa, kwa sababu kifungu cha 333(2) cha sheria ya mwenendo wa jinai kinaitaka mahakama izingatie muda wa rumande inapopanga kifungo.

Saa 2:00 usiku. Simu zinaanza: "Kaka, amebebwa." Tunaomba jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, kituo, saa aliyokamatwa, na jina la aliyeshuhudia. Kama duka la jirani lina kamera, mwenyewe aambiwe usiku huo huo asiache mashine ifute picha, na nakala itolewe pale kwenye mashine. Klipu iliyozunguka kwa WhatsApp haitoshi, kwani kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti cha anayewajibika na mtambo, kinachoeleza jinsi rekodi ilivyotolewa na kwamba mtambo ulikuwa ukifanya kazi sawasawa.