Boya la Kumfundishia Mtoto Kuogelea

Binti yangu alikuwa na umri wa miaka miwili na miezi minane nilipomnunulia maboya ya mikononi, yale ya plastiki ya rangi ya chungwa yanayojazwa upepo kwa mdomo, katika duka moja la Kariakoo kwa shilingi 7,000. Sikuuliza swali lolote, na muuzaji naye hakuwa na la kunieleza zaidi ya kwamba ya rangi ya waridi yamekwisha. Nilichojua ni kwamba mtoto akivalishwa yale hazami, na kwa mzazi anayetaka kupumzika kidogo siku ya Jumapili, hilo lilionekana kutosha.

Jumapili ya nne, katika bwawa la hoteli moja hapa Dar es Salaam, nilimvua maboya ili ale chipsi bila kuyapaka mafuta. Nilikuwa nimeinama nikitafuta taulo kwenye mkoba aliporudi mwenyewe kwenye ngazi za bwawa, akashuka ya kwanza, akashuka ya pili, kisha akajiachia mbele kama alivyozoea. Hapakuwa na kelele wala maji kuruka. Nilipogeuka nilimwona yuko wima chini ya uso wa maji, macho wazi, mikono ameitandaza pembeni kwa usawa wa mabega, vilevile maboya yalivyomzoesha kuiweka, akisubiri kuinuliwa. Nilimfikia kabla sijahesabu tatu. Alikohoa, akalia, kisha akadai chipsi zake. Mimi ndiye niliyeshindwa kula.

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa, lakini mtoto wa umri huo hatapatapi, na hapo ndipo wengi wetu tunapodanganyika kwa kudhani kwamba tutasikia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Baada ya siku ile nilianza kuvitazama vifaa hivi kwa jicho jingine. Swali nililokuwa nikijiuliza, kama kifaa kinamzuia mtoto asizame, lilikuwa dogo mno. Swali kubwa ni kifaa hicho kinauweka mwili wake katika mkao gani, na kitakapovuliwa kitamwachia mazoea gani. Anayeogelea hulala juu ya maji, kifudifudi au chali, nyonga zikiwa karibu na uso wa maji. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito ukilinganisha na kiwiliwili chake, kwa hiyo kulala huko hakuji kwenyewe, hufundishwa. Maboya ya mikononi humning'iniza mtoto kwa mabega kama nguo kwenye kamba, miguu ikizunguka chini kana kwamba anaendesha baiskeli, na mikono ambayo ingepaswa kuvuta maji inakuwa imefungwa kazi nyingine. Kila dakika anayokaa hivyo anafanya mazoezi ya kusimama wima majini, nao ndio mkao wa mtu anayezama. Isitoshe, mkono uliopakwa mafuta ya nazi asubuhi huteleza, na boya huchopoka kirahisi mtoto anaponyoosha mikono juu.

Kama tayari unayo nyumbani na hutaki kuyatupa, yajaze jioni na kuyaacha mpaka asubuhi, yakilegea, hayafai. Yazamishe kwenye beseni na uangalie mapovu kwenye mishono na kwenye kidomo cha kujazia, ambacho lazima kisukumwe hadi ndani, kisiachwe kimechomoza. Yaliyo bora yana vyumba viwili vya hewa, ili kimoja kikitoboka kingine kibaki. Soma pia yale maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma: mara nyingi mtengenezaji mwenyewe ameandika kwamba kifaa chake hakimkingi mtu dhidi ya kuzama. Vifaa vya kufundishia kuogelea vilivyotengenezwa kwa viwango vya Ulaya huwa na namba EN 13138, na kisicho na namba hiyo wala nyingine ya aina yake mimi hukihesabu kuwa ni mwanasesere, hata kikiwa na picha nzuri kiasi gani.

Tulichohamia sisi ni kizibao cha kuogelea chenye mifuko midogo kuzunguka kifua na mgongo, na ndani ya kila mfuko kuna kipande cha sponji ngumu isiyonyonya maji. Uzuri wake wa kwanza ni kwamba hakipasuki. Wa pili ni kwamba mikono inabaki huru na mwili unaweza kulala. Wa tatu, ambao kwangu ndio mkubwa, ni kwamba vipande hutolewa kimoja kimoja kadiri mtoto anavyoendelea, naye hagutuki kwa sababu maji hayabadiliki ghafla. Hapa nina onyo moja. Sisi wazazi tuna tabia ya kununua nguo kubwa ili mtoto akue nayo, kama sare ya shule, na kwa kizibao cha kuogelea tabia hiyo ni hatari. Kinunuliwe kwa kilo za mtoto, wala si kwa miaka yake. Ukishamfunga zipu, kishike mabegani na ukivute juu. Kikipanda hadi kwenye masikio, ni kikubwa, na majini kitapanda vivyo hivyo na kumfunika mdomo. Chenye mkanda unaopita katikati ya mapaja kina nafuu.

Mama yangu, aliyekulia Tanga, alilitazama zoezi hili lote kwa huruma. "Mwanangu, kaka zako walijifunzia dumu tupu la mafuta, na hakuna aliyevalishwa chochote," aliniambia. Nilicheka, kisha nikaona kwamba ndani ya lile dumu kulikuwa na somo. Dumu hushikwa, halivaliwi. Mtoto akiliachia anazama kidogo, kwa hiyo anajua muda wote kwamba maji hayambebi bure. Ubao wa sponji na ule mwanzi mrefu wa sponji vinavyotumiwa na walimu wa kuogelea hufanya kazi hiyohiyo bila kifuniko kinachoweza kufunguka na kujaza maji. Kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu, ambaye mikono yake bado haina nguvu ya kung'ang'ania, vinafaa tu pale mtu mzima anapokuwa naye majini, kwa umbali wa mkono. Mwalimu wetu huupitisha mwanzi kifuani na chini ya makwapa, kisha humwambia mtoto apulize mapovu kama anayepoza uji.

Mpira wa kuvaa kiunoni, wenye kichwa cha bata, mimi siutaki hata bure, kwa kuwa mtoto akiinama sana hupinduka na kubaki miguu juu. Kuhusu ule wa kuvalishwa shingoni watoto wachanga, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2022, hasa kwa watoto wenye ulemavu, na sioni sababu ya kuusubiri uthibitishwe zaidi. Baharini ndiyo kabisa. Asubuhi upepo wa umande hutoka nchi kavu kuelekea baharini, na ukikutana na maji yanayokupwa siku za bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, tyubu ya gari yenye mtoto ndani huondoka ufukweni kwa mwendo ambao mtu anayetembea majini haufikii.

Safari ya boti kwenda visiwa vya Mbudya au Bongoyo ni jambo jingine. Huko kinachotakiwa ni jaketi okozi lenye kola ya kuinua kichwa, la kiwango cha 100 au zaidi cha nguvu ya kuelea, kwani la kiwango cha 50 ni kwa ajili ya mtu anayejua kuogelea. Jaketi hilo halimfundishi mtoto kuogelea na halikutengenezwa kwa kazi hiyo, kama ambavyo kizibao chetu hakikutengenezwa kwa ajili ya boti.

Siku hizi tukifika bwawani, dakika kumi za kwanza binti yangu havai chochote isipokuwa nguo ya kuogelea ya rangi ya machungwa makali, kwa sababu ya bluu hupotea machoni ndani ya maji. Nipo naye majini, kiganja changu kikiwa chini ya kisogo chake, akielea chali na kulalamika kwamba maji yanaingia masikioni. Ndipo anavaa kizibao. Kilikuja na vipande vinane. Vitatu vimelala kwenye droo ya jikoni pamoja na betri kuukuu, na cha nne sijakitoa, kwa kuwa mwalimu anataka kwanza amwone akijigeuza mwenyewe kutoka kifudifudi hadi chali bila kuguswa. Jumapili iliyopita alijigeuza nusu.