Kumbukumbu ya basuni: E ya katikati imesimama

E ya katikati imesimama. Asubuhi hii, kwenye basuni yangu, ala ndefu ya kupulizwa yenye sauti nzito, noti hiyo nimeianza kwa sauti ndogo, nikaikuza hadi ikajaa chumba, nikaishusha tena hadi pumzi ikaisha, na sindano ya kipima sauti kwenye simu haikuondoka katikati. Nikajaribu C shapu iliyo chini yake, nayo imetulia. Tete, yale mabapa mawili membamba ya mmea yanayotetema midomoni, nimelifunga mwenyewe hapa Nairobi. Nilikuwa nimepanga kuandika kuhusu kidole gumba cha kushoto na zile noti za A hadi D zinazovunjika usipogusa vitufe vya juu. Hayo yatasubiri.

Anayepuliza basuni anajua kwa nini noti moja inaweza kumnyima mtu usingizi. E hii, ile ya nafasi ya tatu kwenye ufunguo wa besi, unaishika kwa kidole cha shahada cha kushoto na gumba kwenye kitufe cha mnong'ono, basi. Bomba lenye urefu wa takriban mita 2.5 lipo mikononi mwako, lakini sehemu kubwa yake haikusaidii, kwa sababu matundu yako wazi. Kinachobaki kuishikilia noti ni tete na midomo. Tete likiwa dhaifu noti inazama, na ukiikaza kwa midomo inapanda lakini sauti inabanwa, na noti inayofuata inatoka imekunja uso. Katika okestra hakuna nafasi ya kukaza na kulegeza kila E inapopita, na kwenye muziki wa Mozart hupita kila mara.

Sasa chanzo chake. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa takriban asilimia 18 ukilinganisha na Mombasa, na hewa nyepesi haisukumi wala kuvuta mabapa mawili ya tete kwa nguvu ileile. Tete linalocheka lenyewe pwani, hapa linakuwa gumu na kuziba koo. Wapuliza oboi na basuni wa Denver na Mexico City, miji iliyo juu vilevile, wanalijua jambo hili vizuri. Watu wengi hudhani mwinuko unashusha au kupandisha tuni ya ala yenyewe. La. Kasi ya sauti hewani hutegemea joto, si kanieneo: ni takriban mita 331 kwa sekunde kwenye nyuzi sifuri, na huongezeka kama mita 0.6 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kwa hiyo Julai na baridi yake ndiyo inayotushusha tuni, na dawa yake ni kuipasha ala moto kwa pumzi kabla ya kupima chochote. Mwinuko ni shida ya tete.

Nilitaka kuwa na hakika kwamba si ukavu tu wa Januari. Basi nikachukua matete yaliyokuwa yakinisumbua, nikayafungia kwenye kisanduku chenye sponji yenye unyevu, nikayaloweka kwa muda uleule kila mara. Bado yalikuwa magumu. Niliposhuka pwani likizoni nikabeba mawili yaleyale, na huko yakafunguka, yakapiga kelele, yakawa mapana kupita kiasi. Ala ileile, bokali ileile (lile bomba jembamba la chuma linaloshika tete), midomo ileile. Basuni yangu ni Fox ya plastiki, kwa hiyo mbao kuvimba au kukauka hakumo kwenye hesabu. (Najua wapo wanaoidharau plastiki. Kwa mtu anayepanda matatu na ala yake, na kutoka kwenye ukumbi wenye jua hadi mvua ya saa kumi, sijaona sababu ya kuionea haya.)

Tete likiwa gumu, kila mwongozo unakuambia ulipunguze kwa kisu. Na hapo ndipo mtego ulipo. Ukipunguza mgongo wa bapa, ule uti unaoshuka katikati kutoka kwenye ncha hadi kwenye waya wa kwanza (nyaya huzunguka tete na kulibana, wa kwanza ukiwa karibu na ncha), tete linalainika kweli, noti za chini zinatoka kwa ulaini wa kupendeza, B flati ya mwisho inaguruma bila kusukumwa. Halafu unagusa E, inazama. Kila tete likawa hivyo: au gumu na E nzuri, au laini na E iliyozama. Wiki zikapita nikiwa katikati ya milango hiyo miwili na msasa mkononi. Niliwahi kutupa tete ambalo chini lilikuwa tamu kiasi cha kunitoa machozi, kwa ajili ya noti moja.

Kilichobadilisha mambo ni kuacha kabisa kugusa mgongo na kuanza kufikiria nyaya. Bapa nililokuwa nikiliacha na urefu wa milimita 28 kutoka kwenye ukosi, pale ukwanguaji unapoanzia, hadi ncha, nimelikata hadi 27. Ukikata ncha tete linakuwa gumu zaidi, ndiyo, lakini linapata nguvu, na E inapanda. Kisha nikarudisha wembamba kwenye milimita nne au tano za mwisho peke yake, nikianzia pembeni na kwenye kona mbili, katikati nikipaacha palivyo. Waya wa kwanza nikaukaza na kuubana kidogo kutoka ubavuni, koo, njia ya hewa ndani ya tete, likawa la mviringo zaidi. Hilo huifungua ncha, na ncha iliyofunguka sana hapa juu inachosha mapafu kabla ya ukurasa kuisha. Wengi wetu tungeubana tena waya uleule kutoka juu ili kuifunga ncha, na kazi yote inarudi nyuma. Dawa iko kwenye waya wa pili. Huo unafanya kazi kinyume: ukiubana ubavuni, ncha inafunga. Basi wa kwanza ubaki mviringo, wa pili nao uwe mviringo, koo linabaki imara, ncha inarudi kwenye upana unaopulizika. Nikalipuliza tete peke yake bila ala, likatoa ule mlio mnene wenye sauti nyingi ndani yake kwa pumzi ndogo tu. Nikalitia kwenye bokali. E ikasimama.

Sijalala juu ya tete moja. Nimefunga mengine kwa kanuni hiyo kutoka kwenye magamba (vipande vya mmea vya kutengenezea tete) ya kundi lilelile, na mengi yametii. Yaliyokataa yalikuwa na bapa moja zito kuliko jingine, jambo ambalo waya hauwezi kulitibu.

Kuhusu vifaa, nina maoni makali. Kisu cha matete cha bei ghali ni kizuri mikononi mwa mtu aliyefundishwa na bingwa kando yake. Kwa sisi tuliojifunza peke yetu, tupa ndogo ya almasi na msasa wa maji namba 400 na 600 vinashinda, kwa sababu vinaondoa kidogo na vinakupa nafasi ya kupuliza kati ya mkwaruzo na mkwaruzo. Waya usichukue wa nyaya za stima. Ule mwekundu ni laini mno, unajilegeza wenyewe tete likivimba. Tafuta shaba ya njano ya milimita 0.64. Geji ya unene inasaidia, lakini taa nyuma ya bapa inaonyesha zaidi: kivuli cha kushoto kisipofanana na cha kulia, hakuna namba itakayokuokoa. Stima ikipotea, tochi ya simu inatosha.

Na mandreli, kile chuma kinachoingizwa ndani ya tete wakati wa kulitengeneza! Niliyokuwa nayo ilikuwa na mteremko usiolingana na bokali yangu, na matete yalikuwa yakivuja hewa chini. Nikaenda Kirinyaga Road kwa fundi wa kukereza vyuma, mzee ambaye siku nzima hukereza vipuri vya magari. Akaigeuzageuza bokali mkononi.

“Kijana wangu, hii ni bomba ya nini? Ya mafuta?”

“Ya muziki, mzee. Nataka chuma kinachoingia kwenye tete sawasawa na hii ncha.”

Akapima kwa vania, kile kifaa cha kupimia vipenyo na unene, mara tatu, hakuniuliza tena, akanikerezea kipande cha chuma cha pua chenye mteremko safi kuliko nilichoagiza nje. Tangu hapo matete hayavuji. Anayehitaji mandreli aache kusubiri mizigo ya ndege. Mafundi wanaoweza tunao mjini hapa.

Hatua iliyofuata kwenye daftari ilikuwa koncheto ya basuni ya Mozart ya mwaka 1774, angalau ukurasa wa kwanza wa mpulizaji pekee, polepole. Lakini kuna jambo limenivuta upande. Magamba yote ninayotumia yanatoka kwenye mmea uitwao Arundo donax, na yanayosifiwa zaidi hulimwa Var, kusini mwa Ufaransa. Huko hukata mashina yakiwa na umri wa miaka miwili hivi, kisha huyaacha yakauke taratibu kabla ya kuyapasua. Kwa basuni unataka shina lenye kipenyo cha milimita 24 hadi 26, na ukilikwangua ndani hadi mwisho, unene ubaki kama milimita 1.3 hivi. Mbona nisiende na vania kando ya mito yetu? Pwani, wapuliza zumari wamekuwa na tete la mabapa mawili tangu zamani, na wanalitengeneza kwa majani yanayoota huko huko. Hawajasubiri mzigo wa mtu.

Nimeanza. Jumamosi nilipita kando ya mto kwa ndugu zetu kule ushago, nikapima mashina ya matete kadhaa. Mengi ni membamba kwa basuni, kuta zake hazina nyama. Lakini palikuwa na kichaka kimoja kwenye ukingo wenye jua, mashina yake yamenyooka, na nikapata vipande vya milimita 24 na 25 vyenye ukuta mnene. Shangazi akaniuliza kama nataka kujenga banda. Nimemweleza, na ameniruhusu nining'inize fungu zima chini ya paa la ghala, mahali penye upepo pasipo jua la moja kwa moja. Yamefungwa lebo za mwezi wa kukatwa. Kabla ya mwaka kuisha sitayapasua, hata nikitamani.

Kwa hiyo daftari sasa lina safu mbili: magamba ya Ufaransa kwa ajili ya mazoezi ya Alhamisi, na matete ya shangazi. Mwenye shina nene karibu naye, hasa ukanda wa juu penye baridi, anitumie kipenyo na unene wa ukuta.