Msikilizeni William Dawson

Simfoni pekee, yaani kazi ndefu ya okestra, aliyoandika mtunzi mweusi wa Marekani William Levi Dawson inaanza kwa honi moja, ala ya shaba ya kupuliza. Noti zake ni chache, zinapanda na kushuka polepole, na ukishazisikia mara moja unaweza kuzipigia mluzi ukiwa jikoni. Dawson mwenyewe alieleza maana yake: siku Mwafrika wa kwanza alipochukuliwa kutoka pwani ya nchi yake na kupelekwa utumwani, kiungo kimoja kiling'olewa katika mnyororo wa wanadamu. Sauti ile ya honi ndiyo kiungo kilichopotea. Itakuja tena na tena katika sehemu zote tatu za simfoni, mara kwa hasira, mara kwa unyonge, mara imejificha ndani ya kelele za tarumbeta usiitambue mpaka iwe imeshapita.

Jina la kazi yenyewe ni Negro Folk Symphony, na ilipigwa mara ya kwanza Novemba 1934. Nadhani ni mojawapo ya simfoni bora zilizowahi kuandikwa Marekani, na ninajua ni wachache sana watakaosoma hapa ambao wamewahi kuisikia.

Lakini wanakwaya wenzangu, ninyi mnamjua Dawson. Jina lake mmelishika mkononi. Mimi naimba besi katika kwaya ya usharika wetu, na kama ilivyo kwa kwaya nyingi za hapa Tanzania na Kenya, tumeshagawiwa fotokopi za nyimbo za kiroho za Wamarekani weusi, zimefifia pembeni kwa kunakiliwa mara nyingi mno. Angalieni juu kulia, panapoandikwa jina la aliyeupangia wimbo sauti za kwaya. “Soon Ah Will Be Done”, “Ezekiel Saw de Wheel”, “There Is a Balm in Gilead”, “Ev'ry Time I Feel the Spirit”: mipangilio yake ya nyimbo hizi inaimbwa dunia nzima. Aliyewahi kuimba “Soon Ah Will Be Done” anakumbuka shida yake. Unaanza kwa sauti ya chini kabisa, lakini kwa mwendo wa haraka, na mwalimu wa kwaya anakusimamisha kila mara kwa sababu umepaza kabla ya wakati. Nguvu yote inabanwa kifuani mpaka mahali ilipopangiwa kutoka. Mtu aliyejua kubana hivyo kwa sauti nne za kwaya alijua kubana hivyohivyo kwa okestra nzima, na ndicho ninachotaka kuwaonyesha.

Alizaliwa mwaka 1899 katika mji wa Anniston, jimbo la Alabama. Akiwa na miaka 13 alitoroka nyumbani akaenda Tuskegee, chuo cha watu weusi kilichoanzishwa na Booker T. Washington, akawa anafanya kazi ya shamba la chuo ili alipe gharama za masomo. Alipiga tromboni. Alipohitimu mwaka 1921 alikwenda kuendelea Kansas City, na huko mwaka 1925 akapata shahada ya muziki kwa heshima zote isipokuwa moja: hakuruhusiwa kupanda jukwaani na wenzake kuipokea, kwa kuwa ni mweusi. Siku hiyohiyo ya mahafali wanamuziki walipiga kazi aliyoitunga yeye, naye anaisikiliza kutoka kule juu ghorofani walikotengewa watu weusi. Nimesoma habari hiyo mahali pengi na bado inaniumiza kila ninapoifikiria.

Baadaye alikwenda Chicago, akasoma zaidi, akapiga tromboni ya kwanza katika okestra ya vijana wanaojiandaa kuwa wataalamu, Civic Orchestra. Hili la tromboni msilipuuze. Sikilizeni ala za shaba katika sehemu ya kwanza ya simfoni, zinavyoingia kwa mpangilio, kila moja na nafasi yake, hakuna anayemziba mwenzake. Hiyo ni kazi ya mtu aliyekaa mstari wa nyuma wa okestra miaka, akihesabu mapigo ya kunyamaza na kusikia kwa makini wenzake walio mbele yake wanafanya nini.

Mwaka 1931 alirudi Tuskegee kufundisha na kuongoza kwaya. Desemba 1932 kwaya ile iliimba New York kwenye ufunguzi wa ukumbi wa Radio City Music Hall. Miaka miwili baadaye Leopold Stokowski, kondakta aliyekuwa na jina kubwa kuliko karibu wote Marekani, akaiongoza simfoni ya Dawson na okestra ya Philadelphia, kisha wakaipeleka kwenye ukumbi wa Carnegie Hall, New York. Dawson alikuwa na miaka 35. Watu walipiga makofi katikati ya kazi, baada ya sehemu ya pili, jambo ambalo kumbi hizo hazilipendi. Aliitwa mara kadhaa jukwaani kuinama mbele ya watu. Mkosoaji Leonard Liebling aliandika kwamba hakuna simfoni ya Kimarekani iliyokuwa imefikia hapo kwa upekee na kwa matumaini.

Halafu kukawa kimya.

Si kimya cha kazi iliyoshindwa, maana ilishinda mbele ya macho ya wote. Simfoni haiishi kwa makofi ya usiku mmoja. Inahitaji okestra nyingine mwaka unaofuata, na nyingine, na kondakta anayeamua kuiweka kwenye programu badala ya kazi ya Mjerumani Brahms, na nakala za noti kwa kila mpigaji. Okestra kubwa za Marekani zilikuwa za wazungu, zinapigia wazungu, na zilikuwa na nafasi chache mno kwa mtunzi mweusi. William Grant Still alikuwa ametangulia na simfoni yake mwaka 1931, Florence Price akafuata na yake mwaka 1933 huko Chicago, Dawson wa tatu mwaka 1934. Wote watatu walisifiwa, lakini simfoni za Price na Dawson zikasubiri miaka mingi kupata nafasi yake. Dawson hakuandika simfoni ya pili. Alikuwa na kwaya ya kulea huko Tuskegee, akailea.

Sasa turudi kwenye muziki wenyewe, kwa sababu sitaki mtu aisikilize kwa huruma. Sehemu ya pili, Hope in the Night, inaanza kwa mapigo matatu ya upatu, taratibu, kila pigo linaachwa life lenyewe. Dawson alisema matatu hayo ni Utatu Mtakatifu unaoongoza maisha ya wanadamu. Chini yake nyuzi zinadonolewa kwa vidole, pigo lilelile, pigo lilelile, hakuna linalobadilika, kama mtu anayelima tuta asilolijua mwisho wake. Juu yake inaingia sauti ya zumari nzito, ile ambayo Wazungu wanaiita honi ya Kiingereza ingawa si honi kabisa. Aliyesikia nzumari ya Pwani ataitambua kuwa ni ya ukoo wake. Wimbo wake haulii kwa kelele. Unakwenda tu, umechoka, unapumzika kidogo, unakwenda tena.

Kisha katikati, ghafla, watoto wanacheza. Muziki unakuwa mwepesi na wa kurukaruka, kwa maana watoto wa watumwa nao walikuwa watoto, walicheza bila kujua wamezaliwa katika hali gani. Hapa ndipo ninapomvulia Dawson kofia. Mtunzi mwingine angewaacha wacheze, tupumue, basi. Yeye anakileta kile kiungo cha honi juu ya mchezo wao, na sauti ileile tuliyoisikia mwanzo ikiwa ya upweke sasa inatisha, kwa sababu sisi tunajua na watoto hawajui. Mchezo unarudi, lakini hausikiki tena kama mwanzo.

Na mwisho wa sehemu hii, jamani. Kengele, upatu, ngoma, na okestra inavimba na kunywea, inavimba na kunywea, bila wimbo wowote wa kushikilia. Sijui simfoni nyingine ya wakati ule inayofunga sehemu hivyo. Siwashangai kabisa wale waliopiga makofi mwaka 1934 bila kungoja ruhusa.

Wapo wanaosema kazi hii ni mtoto wa Dvořák, yule Mcheki aliyekaa New York miaka ya 1890 akasema muziki wa Marekani ujengwe juu ya nyimbo za watu weusi, kisha akaandika simfoni ya Dunia Mpya. Kuna undugu, sikatai. Zumari ile nzito inaimba katika zote mbili. Lakini Dvořák alikuwa mgeni aliyependa alichokisikia. Dawson aliimba nyimbo hizi tangu utotoni. Kabla ya onyesho la kwanza alisema kwamba hakujaribu kumwiga Beethoven wala Brahms, na sifa kubwa ambayo angepewa ni watu kusema kazi hii isingeweza kuandikwa na mzungu. Katika sehemu ya tatu, iliyojengwa juu ya wimbo “O, Le' Me Shine” unaomwomba Mungu ning'ae kama nyota ya asubuhi, midundo inapishana kwa namna ambayo mchezaji yeyote wa ngoma wa huku atajikuta anaitikia kwa mguu.

Kuhusu midundo hiyo kuna jambo lazima niliseme. Mwaka 1952 Dawson alisafiri kwenda Afrika Magharibi kusikiliza muziki wa huko, na aliporudi aliipitia upya simfoni yake, akaiongezea nguvu ya midundo ya Kiafrika. Sehemu ya kwanza inaitwa The Bond of Africa, na alikuwa ameiandika bila kuwahi kukanyaga Afrika. Fikiria mtu wa miaka 50 na kitu, kazi yake imeshasifiwa na kuwekwa kabatini, hakuna okestra inayomwomba, na bado anaketi kuirekebisha kwa sababu sasa amesikia kwa masikio yake jambo alilokuwa akilikisia.

Toleo hilo lililorekebishwa ndilo tunalolisikia leo. Stokowski hakumsahau: mwaka 1963, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80, aliirekodi na American Symphony Orchestra, na Dawson akaishi kuiona ile santuri. Alifariki mwaka 1990. Kondakta Neeme Järvi akaja kuirekodi na okestra ya Detroit, na miaka ya karibuni okestra ya Philadelphia yenyewe, ile ya onyesho la kwanza, imeirudia chini ya Yannick Nézet-Séguin na kuitoa kwa kurekodi.

Ukiniuliza uanze na ipi, anza na ya Stokowski. Ya Philadelphia ya sasa ina sauti safi zaidi, kila ala unaisikia, na sehemu ya tatu wanaikimbiza vizuri kuliko wote. Lakini kwenye mapigo yale matatu ya upatu Stokowski ana subira ambayo wengine hawana. Usiisikilize kwa spika ya simu, nyuzi za chini zinapotea zote na sehemu ya pili bila nyuzi hizo haina ardhi ya kusimamia. Tafuta earphone, tenga dakika 35. Na kama kuna mwalimu wa kwaya anayesoma hapa ambaye ana mpangilio wa Dawson ambao sijautaja, niandikie hapo chini ni upi na mnauimba kwa mwendo gani. Sisi tunafanya “Ezekiel” kwa ajili ya Pasaka, na besi wenzangu bado tunagombana kuhusu kasi.