Jinsi nilivyopata namna ya kuwashukuru wanaopokezana ujumbe kwa redio za ridhaa

Kazi hii iliniangukia kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Kwenye kikundi cha redio za ridhaa, yaani watu wenye leseni wanaowasiliana kwa redio kwa kuipenda tu, ukiuliza nani apande mlingoti kufunga antena, wanajitokeza watatu. Ukiuliza nani aandike barua za shukrani, masafa yote yananyamaza. Nikasema nitaifanya, kwa sharti moja: niachiwe niamue nani anashukuriwa na kwa lipi.

Sharti hilo lilitokana na kero ya muda mrefu. Kila mwaka cheti cha shukrani kilikuwa kinakwenda kwa yule yule, mwenye mtambo mkubwa na sauti inayosikika kila pembe. Ni mtu mwema, sina ugomvi naye. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye neti zetu vya kutosha kujua kwamba ujumbe haufikishwi na mtambo mmoja. Neti, kwa asiyeijua, ni kikao cha hewani chenye saa yake na masafa yake. Msimamizi anaita, vituo vinaitika kwa alama zao za wito, zile herufi na namba zinazokitambulisha kila kituo hewani, kila kimoja kinasema kama kina ujumbe na unakwenda wapi, kisha msimamizi anaviunganisha viwili viwili. Ujumbe mmoja unaweza kupita mikononi mwa watu wanne au watano kabla wa mwisho hajainua simu, au kuvaa viatu, kumpelekea mwenyewe.

Na mambo yalianza hivyo hivyo. Mwaka 1914 Hiram Percy Maxim wa Hartford, Connecticut, alitaka kupeleka ujumbe Springfield, Massachusetts, mji usio mbali, na mtambo wake ukashindwa kufika. Akampata mwenzake wa Windsor Locks, katikati ya njia, naye akaupokea na kuusogeza mbele. Mwaka huo huo Maxim akashiriki kuanzisha ARRL, chama cha wanaredio wa ridhaa wa Marekani ambacho kipo mpaka leo. Jina la Maxim limejaa kwenye hadithi zetu. La yule wa Windsor Locks sijawahi kulisikia likitajwa kwenye mkutano wetu hata mmoja. Nikaona basi kazi yangu ni kumtafuta mtu wa Windsor Locks katika kila mnyororo.

Pendekezo la kwanza lililoletwa mezani lilikuwa pesa. Mwanachama mmoja alitaka tutoe posho kidogo kwa kila ujumbe uliofikishwa, akidai watu wakipata nauli watajituma zaidi. Nililikataa bila kusubiri kikao kingine. Kanuni za kimataifa za redio, zile za ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, zinaieleza huduma ya ridhaa kuwa ya watu walioidhinishwa, wanaoifanya kwa kuipenda na bila maslahi ya kifedha. Ukianza kulipa kwa ujumbe, leseni yako haikutambui tena. Zaidi ya sheria, nilijua pia watu wetu: mtu anayekesha kwenye mikwaruzo ya hewa akiandika maneno ya mgeni asiyemjua, ukimwekea bei, utakuwa umemtukana.

Kwa hiyo nikageukia hesabu. ARRL ina utaratibu wa miaka mingi na sikuona sababu ya kujifanya mvumbuzi. Kila kituo kinahesabu vitu vinne: ujumbe kilioanzisha, kilioupokea, kilioutuma na kilioufikisha kwa mlengwa. Anayepokea ujumbe kutoka kituo kimoja na kuutuma kwa kingine anapata mbili, moja ya kupokea na moja ya kutuma. Anayeupokea na kuufikisha nyumbani kwa mtu naye anapata mbili. Kuna orodha ya heshima iitwayo Brass Pounders League, ambayo mtu huingia akifikisha hesabu ya 500 kwa mwezi, au 100 za kuanzisha na kufikisha peke yake. Na kuna orodha nyingine ya utumishi kwa jamii, iliyowekewa pointi 70 kwa mwezi, ambapo hata kuitika tu kwenye neti kunahesabiwa, lakini kwa kikomo, ili mtu asijaze pointi zote kwa kusema "nipo" kila jioni.

Hiyo ya pili ndiyo iliyonivutia. Hesabu tupu ya ujumbe ina tatizo ambalo kila aliyekaa kwenye neti analijua. Mtu anachukua orodha ya watu wenye leseni mpya, anatunga salamu moja ya kuwakaribisha, anaimwaga kwenye neti kwa anwani tofauti mpaka msimamizi anahema. Hajavunja kanuni yoyote, na kwa kweli salamu hizo zinawapa wengine mazoezi mazuri. Lakini mwisho wa mwezi yeye yuko juu ya orodha, na aliyepokea ujumbe mmoja wa mgonjwa katikati ya dhoruba, akahangaika nao saa nzima, yuko chini kabisa. Ukihesabu ujumbe, utaletewa ujumbe. Nilitaka kuletewa kitu kingine.

Hebu nieleze saa hiyo nzima ilivyo, maana walio nje hawaijui. Ujumbe rasmi wa redio una kichwa chake: namba, daraja la uharaka, kituo cha mwanzo, hesabu ya maneno, mahali ulipotoka, saa na tarehe. Kisha anwani, kisha maneno yenyewe, ambayo kwa desturi hayazidi 25, kisha sahihi. Ile hesabu ya maneno ndiyo mlinzi. Kama kichwa kinasema 19 na wewe umeandika 18, kuna neno limeliwa na hewa, na hukubali kuupokea mpaka limepatikana. Usiku mmoja nilikuwa nasikiliza vituo viwili vikitafuta neno moja. Wa kutuma alikuwa anazama na kuibuka. Wa kupokea akasema, bila papara, "Rudia neno baada ya SALAMA." Kimya. "Rudia neno baada ya SALAMA." Likaja nusu. Akaomba lisomwe herufi kwa herufi, zikaja mbili, ya tatu ikapotea, akaomba tena. Neno lenyewe lilikuwa ISIPOKUWA. Sasa fikiria familia ingepata ujumbe unaosema wote wako salama, ukaishia hapo, wakati baada ya SALAMA kulikuwa na ISIPOKUWA na jina la mtu. Kwenye orodha ya hesabu, kazi ile yote ni moja.

Basi nikaunda utaratibu wetu hivi. Nilichukua zile hesabu nne kama zilivyo, nikaongeza mahudhurio kwa kikomo, halafu nikawaomba wasimamizi wa neti waandike pembeni ya daftari mstari mmoja tu pale wanapoona kazi iliyostahimiliwa: hewa mbaya, neno lililotafutwa, kituo kilichokubali kubaki baada ya neti kufungwa. Mstari mmoja, hakuna fomu. Fomu zinaua moyo wa kujitolea haraka kuliko betri iliyokufa.

Kupata taarifa zenyewe kulikuwa kugumu kuliko kuzijumlisha. Wenye ujumbe mwingi waliziwasilisha bila kuulizwa. Niliokuwa nawatafuta hawakuleta kitu. Nilimpigia mzee mmoja ambaye alama yake iko kwenye daftari la neti karibu kila jioni, nikamuuliza mbona haleti hesabu zake. "Ah, mwanangu," akaniambia, "mimi nasikiliza tu. Ni mara mojamoja napitisha ya watu wasiosikiana." Hiyo "mara mojamoja" nilipoifuatilia kwenye madaftari ya wasimamizi, niligundua kwamba bila kituo chake pande mbili za neti yetu zisingeonana kabisa nyakati za jioni. Windsor Locks yetu ilikuwa nyumbani kwake. Tangu hapo niliacha kutegemea taarifa za watu wenyewe. Huanza na madaftari ya neti, natengeneza hesabu ya kila mtu, kisha namtumia aisahihishe. Watu wanyenyekevu hawajisifu, ila ukiwaandikia namba yenye kosa, wataisahihisha siku hiyo hiyo.

Upande wa kufikisha nilitumia kitu kilichokuwapo tayari kwenye kichwa cha ujumbe. Kituo cha mwanzo kinaweza kuweka maagizo yanayomtaka anayefikisha arudishe taarifa ya tarehe na saa. Niliwaomba wenzangu wayatumie mara nyingi zaidi, angalau kwa ujumbe wa hali za watu. Majibu yaliyorudi yalikuwa na zaidi ya saa na tarehe. Huyu alipiga simu mara kadhaa bila kupokelewa, akaenda mwenyewe. Yule alimsomea mpokeaji asiyejua kusoma, akamsomea tena. Mwingine alikaa dakika chache kwa sababu habari haikuwa nzuri na hakutaka kuiangusha mlangoni na kuondoka.

Hapo likazuka swali la faragha, na nililichukulia kwa uzito. Hewani hakuna siri: mawasiliano ya ridhaa hayafichwi kwa msimbo, na yeyote mwenye kipokezi anaweza kuyasikia. Lakini kusikika hewani ni jambo moja, kubandikwa ukutani kwenye cheti ni jingine. Nikaweka mpaka: cheti kinataja namba ya ujumbe, njia uliyopita, hali ya hewa ya redio na alichokifanya mshukuriwa. Hakitaji mlengwa wala maneno ya ujumbe. Wapo waliolalamika kwamba vyeti vyangu havina hadithi. Ni kweli, na vitaendelea kutokuwa nayo, maana hadithi ni ya familia.

Tofauti hii ya anayeonekana na asiyeonekana iko hata kwenye matukio makubwa. Tsunami ya Desemba 2004 ilipopiga visiwa vya Andaman na Nicobar, Bharathi Prasad alikuwa Port Blair na msafara wa wanaredio wa ridhaa kutoka India bara, na kituo chao kikawa njia ya habari kwa watu waliokuwa wakitafuta ndugu. Anastahili kila sifa aliyopewa. Mimi hufikiria pia wale wa upande wa pili, bara, waliokaa na kalamu wakiandika majina yaliyokuwa yakitoka kisiwani na kuyapeleka kwa wenyewe.

Lililofanya kazi kuliko vyeti vyote lilikuwa la bure kabisa: shukrani niliituma kama ujumbe wa redio, kupitia neti yetu wenyewe. Kwanza ilinilazimu kubana maneno, na hakuna kinachoondoa porojo kama kikomo cha 25. Huu ndio nilioutuma kwa mama mmoja aliyeshika nafasi ya kati tangu dhoruba fulani ilipokata simu:

TANGU DHORUBA ULISHIKA KITUO CHA KATI KILA JIONI X UJUMBE WA FAMILIA ULIFIKA KWA SABABU YAKO X ASANTE

Maneno 18, maana X, inayosimama mahali pa nukta, nayo huhesabiwa. Uzuri wa njia hii ni kwamba shukrani haifiki kimyakimya. Kila kituo kinachoipitisha kinaiandika neno kwa neno na kuhakiki hesabu, kwa hiyo wenzake wote wa mnyororo wanalazimika kuyaandika kwa mkono wao mambo aliyoyafanya. Wanaosikiliza tu nao wanasikia. Mwenyewe alipoitwa kuupokea, hakujua ni wa kwake mpaka anwani iliposomwa. Akanyamaza kidogo, kisha kwa sauti ile ile ya kazi akasema, "Rudia neno baada ya KITUO." Akapewa. Akathibitisha hesabu 18, akakiri kupokea, akamuuliza msimamizi kama kuna ujumbe mwingine wa upande wake. Mwisho wa mwezi aliuweka kwenye hesabu zake: kupokea, moja.

Nimejifunza pia kwamba shukrani ina saa yake. Zamani tulingoja mkutano wa mwaka, na kufikia hapo mtu mwenyewe amesahau usiku tunaoutaja. Sasa natuma mwezi huo huo, mara nyingi wiki hiyo hiyo. Cheti cha karatasi kinafuata baadaye kwa anayekitaka. Wengine hawakitaki, na sibishani nao.

Ninachohangaika nacho kwa sasa ni upande wa dijitali. Sehemu ya ujumbe wetu inapita kwenye Winlink, barua pepe inayosafiri kwa redio, na kwenye vituo vinavyopokea na kutuma vyenyewe bila mtu kukaa mbele. Huko hakuna neno la kutafutwa wala mstari wa pembeni wa msimamizi. Lakini kuna mtu anayelipa umeme wa kituo hicho, anayekwenda kukiwasha upya kikigoma, anayebadilisha betri kabla hazijafa. ARRL iliwahi kuwapa wanaotunza mitambo ya namna hiyo pointi 10 kwa mwezi kwenye orodha yake ya utumishi, kiwango kimoja bila kujali wingi wa ujumbe uliopita. Nimependekeza tuanze na hicho hicho, na mtunza kituo aandike tu tarehe alizokigusa na alichokifanya. Mmoja wao ameshaniletea ukurasa wake wa kwanza. Mistari mingi inasema "hakuna tatizo", na hiyo nayo nimeihesabu.