Nani Kakuambia Ni Limbwata?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimeshindwa kuomba vizuri, na kilichonivuruga ni kichekesho. Jumapili jioni vijana wetu hapa Dodoma walituonyesha igizo la ndoa. Mke ni mtumishi wa wizara, kila asubuhi anawahi daladala ya Mtumba. Mume kaachishwa kazi, yuko nyumbani na mtoto mchanga. Vijana wana kipaji, tuwape haki yao. Yule mume alipopepea jiko la mkaa huku machozi yanamchuruzika, ugali wa mtama ukatoka madonge matupu na mlenda ukafurika ukazima moto, nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Ila mwanzoni kabisa mke ndiye aliyekuwa anapepea jiko lile lile, mtoto mgongoni. Hakuna aliyecheka, hakuna hata aliyetazama. Watu walikuwa wanatafuta viti. Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Majaji waliiona kazi hiyo. Sisi tulianza kuiona pale mwanamume alipojifunga kanga, na tulichofanya ni kucheka.

Kisha jirani mmoja kwenye igizo akachungulia dirishani akasema, "Huyu kalishwa limbwata!" Vigelegele vikapigwa. Na waliopiga ni sisi akina mama.

Hapo ndipo kicheko kiliponiishia. Nilipojifungua mtoto wetu wa pili kwa upasuaji, mume wangu ndiye aliyenikorogea uji, akafua nepi, akazianika uani mchana kweupe. Ndugu wakamwita pembeni. Neno walilomwambia ni hilo hilo, na waliolisema walikuwa wametoka kwenye mkesha wa maombi. Yeye alicheka tu, akarudi kwenye beseni lake. Mimi nililala nimegeukia ukutani, mshono unauma na maneno yanauma.

Mpendwa, hebu tuelewane. Unaimba kwamba damu ya Yesu ina nguvu, halafu ukimwona mwanamume anamhudumia mkewe, jambo la kwanza kukujia ni dawa ya mganga? Kila harusi tunasoma Efeso 5:25, waume wawapende wake zao kama Kristo alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake. Tunasema amina kubwa. Kumbe hatutegemei litokee! Likitokea kwa jirani, tunamtafutia mchawi.

Fungua Yohana 13. Bwana "akatwaa kitambaa, akajifunga," akamimina maji katika bakuli, akaanza kutawadha miguu ya watu, kazi ya mtumwa. Petro akaona aibu: "Wewe hutanitawadha miguu kamwe." Aibu ya Petro ndiyo yetu. Hatujazoea bwana anayeinama. Na baada ya kufufuka, kule ufuoni, wanafunzi wanashuka chomboni wanakuta moto wa makaa, samaki na mkate. Nani aliwasha ule moto? Mwenye mamlaka yote mbinguni na duniani anawaita, njoni mfungue kinywa. Haya, na Yeye alilishwa nini?

Kwa akina baba sina mengi wiki hii. Someni 1 Petro 3:7 hadi mwisho, pale panaposema "kusudi kuomba kwenu kusizuiliwe," kisha mjiulize kwa nini kuna maombi yamekwama.

Mzigo wangu uko kwetu sisi akina mama, maana sisi ndio tunaowalea hawa watoto wa kiume na sisi ndio tunaowacheka wakikua. Mwanao akishika mwiko, usimwambie hiyo ni kazi ya dada yake. Na ukienda kumwona mjukuu ukamkuta mwanao uani anafua nepi, usimwite pembeni. Vuta kigoda, umsaidie kusuuza.